Motivasio si bahasha tu: direkta akibadilisha kazi, moyo unaweza kurudi

Hapa Kolwezi, ukitamka neno motivasio, kila mutu anaangalia mufuko wake. Mwalimu anauliza, "Motivasio iko?" Muzazi anajibu, "Ngojeni kwanza tuuzishe mawe." Hakuna anayefikiri moyo wa kazi. Neno lile limekuwa jina la franka.

Sisi tunaoandika hapa tumefanya kazi miaka mingi ku masomo ya muji huu na ya kandokando ya Kingamyambo. Kati yetu kuna madirekta, kuna maprefe, kuna masekretere, na kuna wamoja waliokwisha kuacha chaki. Leo tunataka kusema juu ya ile maana ingine ya motivasio, ile tuliyoisahau: ni kitu gani kinafanya mukubwa wa masomo aamuke asubui na hamu ya kwenda kazini. Na tunasema wazi: kwa wengi wetu, moyo haurudi kwa kungojea paka nyongeza ya mushahara. Unaweza kurudi kama mutu anapewa nafasi ya kubadilisha kazi ndani ya ufundi wake wa masomo, na ile kazi mupya inamurudisha karibu na mutoto. Jambo hili linawaangalia ninyi wachimbaji na bibi zenu kuliko ofisi yoyote, juu watoto ni wenu.

Tuanze na lile neno. Mwaka 1992, kiisha migomo mirefu ya walimu, serikali ikiwa haina tena nguvu ya kulipa, wazazi na wasimamizi wa masomo ya Kanisa Katolika walipatana: muzazi atatoa kitu kidogo ili mwalimu asiache kalasi. Ilikuwa musaada wa wakati wa taabu. Waliita "prime ya motivasio." Wote walifikiri itadumu mwaka moja ao miwili. Ilidumu zaidi ya miaka 25, na mutoto aliyezaliwa wakati ule alikua, akaoa, akazaa, na yeye pia akalipa prime ya mutoto wake.

Kwetu Kolwezi pigo lile lilikuwa na uzito wake wa kipekee. Wazee wanasemaka mupaka leo: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines, kampuni ilijenga masomo sawa vile ilijenga nyumba na hospitali. Poso ilitoka, mushahara ulitoka, kioo kikipasuka mu kalasi fundi alikuja. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476,000. Mwezi wa Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ukaanguka chini ya udongo, na mbele ya 1995 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 wakaacha Gécamines kwa ule mpango walioita wa kuondoka kwa mapenzi. Baba akakosa kazi, mama akaanza kuuza unga kwa vipimo, na mutoto akaenda kuosha mawe. Masomo yakabaki, lakini yule aliyekuwa anayabeba hakukuwa tena.

Hapo kazi ya direkta ikageuka, na watu wengi hawakuona. Kwa karatasi, direkta ni mwalimu wa walimu. Anapaswa kutembelea kalasi, kusoma matayarisho ya mwalimu, kukaa nyuma ku benchi na kusikiliza, kiisha kumuita mwalimu pembeni na kumuambia: hapa ulifanya muzuri, pale mutoto hakusikia. Kwa kweli, kazi yake ikawa kulipisha. Siku ya kwanza anahesabu nani amelipa. Siku ya pili anarudisha wasiolipa nyumbani. Siku ya tatu anagawanya: sehemu ya walimu, sehemu ya kununua chaki, sehemu ya kupandisha ku biro za juu. Siku ya ine anapokea kelele za wamama mbele ya mulango. Siku ya tano anaandika raporo ya zile franka. Kutembelea kalasi? Kesho. Na kesho ile haikufika.

Tunataka wasomaji wasikie jambo hili vizuri, juu kuna wanaofikiri direkta wa wakati ule alikuwa na raha kwa sababu alishika sanduku la franka. Kuna waliokula, ndiyo. Lakini hata yule aliyekula alikuwa amekwisha kupoteza kitu. Mutu aliyesoma ualimu, aliyekuwa na furaha kuona mutoto wa miaka sita akisoma neno lake la kwanza, sasa mutoto yule anamukimbia mu kiwanja juu anajua direkta akimuona atamuuliza risiti. Ukifanya vile miaka kumi, unabaki na cheo, ufundi umeondoka.

Kiisha ikafika Septemba 2019. Katiba ya 2006, mu kipengele cha 43, ilikuwa imesema kwamba masomo ya musingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka 13 yale maneno yalikaa mu kitabu. Mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi akaamuru yafanyike. Sisi tulifurahi, na tunaendelea kufurahi. Watoto waliokuwa ku mashimo na ku mito ya kuoshea mawe walirudi. Kalasi iliyokuwa na watoto 45 ikapata 90, ikapita 100, wamoja wakakaa chini kwa tofali. Prime ikakufa ku masomo ya musingi. Sanduku la direkta likafungwa.

Watu walisema: sasa direkta atarudi ku kazi yake ya kweli. Haikuwa vile. Kazi ya kulipisha iliondoka, ikaingia kazi ya kuandika malista. Lista ya watoto, lista ya walimu wenye matrikile, lista ya walimu wasiokuwa na matrikile, lista ya wenye matrikile wasiolipwa. Kupeleka karatasi ku SECOPE, ambayo leo inaitwa DINACOPE, kurudi, kupeleka tena. Direkta alikuwa mulipishaji, akawa mubeba-karatasi. Kwa zote mbili hayuko mu kalasi.

Njo maana wengi wameondoka, na sisi hatuwatukani. Mutu ana watoto sita, anaona jirani yake aliyeacha masomo mbele ya kumaliza sekondari anajenga nyumba ya mabati mapya kwa sababu ya kobalti. Wamoja wameingia mu sutretansi kuandika saa za watumishi. Wamoja wananunua na kuuzisha ku Musompo. Wengine wamebaki, lakini wamebaki mwili tu: wanakuja saa mbili, wanaweka sahihi, saa ine wako ku mambo yao. Mukubwa wa masomo wa namna ile ni hatari kuliko aliyeondoka. Aliyeondoka, kiti chake kinaonekana kiko wazi. Aliyebaki bila moyo, kiti kimejaa, na walimu kumi na mbili wanamuangalia na kujifunza kwake.

Sasa dawa iko wapi? Watu watasema: ongezeni mushahara. Na sisi tunasema: ndiyo, ongezeni, na lipeni kwa tarehe. Mwenye njaa hafundishi. Tusisikike vibaya kwa jambo hili. Lakini tumeona pia wakubwa wa masomo waliopata nyongeza na wakaendelea kulala. Mushahara unazuia mutu asiondoke. Kumuamusha asubui na hamu, hiyo ni kazi ya kitu kingine.

Tutoe mufano moja wa kwetu, bila kutaja jina juu mwenyewe hapendi kelele. Mwenzetu moja alikuwa direkta wa masomo makubwa ya muji kwa miaka 17. Biro nzuri, kiti cha kuzunguuka, watu wanasimama akipita. Alitueleza kwamba miaka ya mwisho alikuwa anafika ku mulango wa masomo na kubaki nje dakika kumi, hataki kuingia. Hakuwa mugonjwa. Hakuwa na deni. Alichoka kuona vitu vile vile. Akawaza kuacha, atafute kazi ya depo ku kampuni moja. Ndugu yake alikuwa amekwisha kumupatia njia.

Kwa wakati ule wakatafuta mutu wa kuongoza sentre ndogo ya watoto waliopitisha umri, wale tunaosema watoto wa kurudishwa ku masomo. Mu sentre za namna ile, mutoto anafuata programu ya miaka sita ya masomo ya musingi mu miaka mitatu. Watoto wengi wa sentre ile walitoka ku mashimo. Mutoto wa miaka 13 anajua kupima mufuko wa mawe kwa macho, anajua bei ya kobalti ya asubui, lakini hajui kuandika jina la mama yake. Hakuna mukubwa aliyetaka kwenda. Walisema ni kushuka cheo. Yeye akaandika barua, akaomba mwenyewe.

Watu walimucheka. Walisema, "Direkta amefukuzwa." Kiisha ofisi moja ikapoteza karatasi zake za mutasio, akakaa miezi mine bila mushahara, bibi yake akimuuliza kila jumamosi kama alikuwa na akili timamu. Hatufichi taabu hii. Lakini muulizeni leo. Anasema: kule nilikuwa nahesabu risiti, huku nahesabu watoto. Mutoto akikosa siku mbili, anakwenda mwenyewe mupaka wanapooshea mawe, anamukuta na mama yake, na mama anasema, "Papa Direkta, muko mupaka huku?" Anamujibu, "Mama, ninafuata mutu wangu. Munirudishie kesho." Kesho mutoto anakuja. Si wote. Wamoja hawarudi. Lakini anayerudi, direkta anamujua jina, anajua nyumba, na mu Juni akiona jina lile ku lista ya waliofaulu ENAFEP, anajua nini alifanya kwa mwaka mzima.

Mushahara wake haukupanda. Cheo chake, kwa macho ya muji, kilishuka. Na bado dakika kumi za kusimama nje ya mulango zimekwisha. Sisi tuliomujua tunashuhudia: mutu ni yule yule, anaongea ingine.

Kuna atakayesema: hiyo ni bahati ya mutu moja. Basi tutoke kidogo Kolwezi, twende Kenya, ambako kuna historia inayojulikana. Mwaka 1928 muzungu moja, Edward Carey Francis, aliacha kufundisha hesabu ku Cambridge, Uingereza, akaja kuongoza masomo ya Maseno. Mwaka 1940 akapewa Alliance High School karibu na Nairobi, akaiongoza miaka 22. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi anayejulikana dunia nzima, alisoma pale wakati wake. Alikuwa mutu mukali, na wengi wamebishana juu ya ukali ule na juu ya roho ya kikoloni ya masomo yale. Sisi hatuko hapa kumusifu kwa yote. Tunaangalia jambo moja: mwaka 1962 alipomaliza ku Alliance, hakurudi kwao kupumzika, hakutafuta cheo cha juu. Alikwenda Pumwani, kartie ya watu wa kawaida mu Nairobi, akawa mwalimu wa kalasi mu sekondari ya pale, chini ya mukubwa mwingine. Alifanya vile mupaka alipokufa mwaka 1966. Mutu aliyeongoza masomo makubwa miaka 22 alishuka, akashika tena chaki, na akaona ni kazi ya kutosha kumaliza nayo maisha.

Na hapa kwetu, Masista wa Bon Pasteur. Sista Catherine Mutindi, mutu wa Kenya, alifika Kolwezi mwaka 2012. Angeweza kufanya kazi ya utawa mahali pa kutulia. Yeye na wenzake wakaanzisha kazi ku Kanina, kati ya wachimbaji, kwa kutoa watoto ku mawe na kuwapeleka ku masomo, na kwa kusaidia wamama kupata kazi ingine. Mwaka 2019 akapewa zawadi ya Opus ku Marekani kwa kazi ile. Wapya wanaofika Kolwezi wanafikiri hapa moyo unakufa. Kwa wamoja, hapa njo ulipopata kazi ya kufanya.

Ninyi wa Kingamyambo mutatuelewa haraka kuliko watu wa Kinshasa, juu mafundisho haya yako mbele ya macho yenu. Tangu miaka ya 1950 konsantrateri ya Kolwezi ilikuwa inasaga mawe na kuyaelezesha mu maji ili ikamate shaba. Iliyoshindwa kukamatwa ilitiririka na matope mupaka ku Kingamyambo. Tuliita rejeti. Watoto wetu walichezea pale juu. Wakati wa upepo, vumbi lile liliingia mu sufuria. Kila mutu aliona ni takataka ya Gécamines. Kiisha kampuni zikaanza kugombania. Mukataba ulivunjwa mwaka 2009, mwingine ukafanywa mwaka 2010, na mwaka 2012 kesi ilimalizwa kwa dola miliardi 1 na milioni 250. Kwa matope! Na tangu mwisho wa 2018 matope yale yanachotwa tena na maji ya nguvu, yanapitishwa mu asidi, na yanatoa shaba na kobalti.

Udongo haukubadilika. Shaba ilikuwa mule siku zote. Njia ya kwanza ndiyo haikuweza kuitoa. Walipoleta njia ingine, ikatoka.

Wakubwa wengi wa masomo wako vile. Tunawaangalia tunasema: huyu amekwisha, muweke pembeni. Kumbe ufundi uko mule, umezikwa chini ya miaka 20 ya risiti na malista. Ukimubakiza mu njia ile ile, utapata matope kila siku. Mubadilishie njia. Lakini tuseme na upande wa pili, juu ninyi munajua kazi ya kiwanda: rejeti haijigeuzi yenyewe. Kunahitajika asidi, umeme, watu, na hesabu. Na kuna udongo usiokuwa na kitu. Hatusemi kila direkta aliyechoka ni malaika aliyejificha. Wamoja walipenda sanduku tu, na sanduku likifungwa hawana kingine. Wale waende, kwa amani.

Shida yetu kubwa ni hii: kwetu mutasio ni fimbo. Mukubwa akikosana na aliye juu yake, anatumwa mbali. Akipendwa, analetwa karibu na lami. Kwa hiyo ukisikia direkta amehamishwa, swali la kwanza ni "alikosa nini?" Hakuna anayeuliza "aliomba nini?" Mutu mwenye kutaka kubadilisha kazi kwa sababu ya moyo wake anaogopa kuomba, juu muji utasema amefukuzwa, na karatasi zake zinaweza kupotea njiani. Basi anabaki, anaoza polepole, na watoto 600 wanaoza pamoja naye.

Tunaomba mambo haya, na hatuombi ya ajabu.

Kwa wenye kusimamia masomo, ikiwa ni ya serikali ao ya makanisa na jamaa za dini waliopatana na serikali kwa mukataba wa 1977: fungueni mulango wa kuomba. Kila mwaka, mbele ya kufunga masomo, muulize kila direkta na kila prefe aliyepitisha miaka kumi mahali pamoja: unataka kubaki, ao unataka kazi ingine? Iko kazi ya sentre za kurudisha watoto. Iko kazi ya kufundisha walimu wapya. Iko kazi ya masomo ya ufundi. Iko kurudi mu kalasi kwa heshima, bila kuitwa aliyeanguka. Mutasio iwe jibu kwa barua, isiwe azabu kwa maneno.

Kwa wenye kushika matrikile na malipo: matrikile imufuate mutu. Mutu akihama kwa kazi ambayo serikali yenyewe inaihitaji, asikae hata mwezi moja bila mushahara. Miezi mine ya mwenzetu iliogopesha wengine kumi waliokuwa tayari kuomba.

Kwa makampuni na kwa wakubwa wa miji na sektere: sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya redevanse kwa miji na sektere zetu, na inadai kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa kando. Tumeona kuta zikijengwa, na tunashukuru. Lakini kuta mupya na direkta aliyelala ndani haviko masomo. Mu yale makaratasi ya kupatana, wekeni nyumba ya mukubwa wa masomo karibu na kalasi, wekeni mafunzo yake, wekeni sekretere wa kushika malista ili yeye arudi nyuma ku benchi kusikiliza.

Kwa wenzetu wakubwa wa masomo: tusingojee paka barua ya juu. Kuna kubadilisha kazi bila kuhama. Chagua siku mbili kwa juma ambazo biro itafungwa na wewe utakuwa mu kalasi. Shika somo moja, hata la hesabu ya mwaka wa tatu. Nenda ku nyumba tatu kwa mwezi. Ukifanya hivi mwaka mzima na moyo haurudi, hapo andika barua ya kuhama. Na kama moyo wako uko kweli ku kazi ya kampuni, enda, fundisha vijana kule usalama na kusoma vibao vya hatari. Hiyo pia ni ualimu. Lakini usishike viti viwili.

Na kwenu, wababa wa mashimo na wamama wa sokoni. Munajua kazi kuliko sisi. Munajua tofauti ya fundi anayechimba kwa akili na anayepiga koleo ili siku iishe. Hamungekubali kushuka mu shimo na mutu aliyeacha kuangalia miti ya kuzuia udongo. Kwa nini munakubali mutoto ashuke kila asubui mu masomo ambayo mukubwa wake aliacha kuangalia? Komite ya wazazi ni yenu. Mu mukutano, tunabishanaka paka juu ya franka: nani atanunua bati, nani alikula ya mwaka jana. Ulizeni na mambo mengine. Mara ngapi direkta ameingia mu kalasi ya mutoto wangu mwezi huu? Anajua watoto gani wameacha, na alikwenda kwao? Kama anataka kuhama, nani anamuzuia?

Mukimuuliza hivi, wamoja watakasirika. Lakini kuna atakayenyamaza kidogo, kiisha atajibu kwa sauti ingine, juu kwa miaka mingi hakuna mutu aliyemuuliza juu ya kazi yake. Yule musaidieni. Mufanyie barua, mukaweke sahihi zenu chini yake, muipeleke pamoja naye. Na akipelekwa ku masomo ya kwenu, huko nyuma ya rejeti ambako wengine hawataki kwenda, musiulize alikosa nini ku muji. Mumuonyeshe mahali pa kulala, mumuambie majina ya watoto ambao hawakuja, na mumuache afanye kazi.